Karatasi na Kapu la Simu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, saa tatu asubuhi, akiwa mtoto wa tatu na wa kiume wa pekee katika nyumba ya fundi seremala na mkewe mshona nguo, na kwa kuwa alikuja mwepesi kuliko dada zake wote wawili, shangazi aliyempokea alisema huyu ni karatasi, madirisha yafungwe upepo usimchukue, jina likamganda, akaenda nalo shuleni, kazini na hata hospitalini, kiasi kwamba wengi mlioketi hapa mmelijua jina lake halisi kwenye tangazo la msiba.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1979, na hapa familia haitaongeza chumvi, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, alikaa katikati, na mwenyewe alipenda kusema kwamba katikati ndiko kwenye kivuli. Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea uchapaji, akahitimu mwaka 1982, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji ambako alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2016.

Katika kiwanda hicho alipewa mashine kubwa iliyokaa peke yake mwisho wa chumba, akapewa na vizuia kelele vya masikioni, ambavyo alivivaa shingoni kama mkufu, kwa sababu mchapaji hujua kwa sikio kwamba karatasi inataka kukwama kabla haijakwama. Msimamizi wake alimwambia mara nyingi, "We Karatasi, utakuja kuwa kiziwi, halafu useme umerogwa," naye akajibu, "Mashine ina mdomo, mkubwa, ikilalamika lazima awepo wa kuisikia."

Marehemu alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1988 na mwalimu wa shule ya msingi, ambaye leo ni mjane, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye ni mfamasia, na mwana aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye ni fundi umeme.

Mwaka 2004 vijana wanne walifika kaunta ya kiwanda wakitaka bango la bendi yao, iliyoitwa Wapangaji kwa kuwa wote waliishi chumba kimoja cha kupanga, marehemu akawachapia kwenye mabaki ya karatasi za kalenda, na mpiga ngoma wao, waliyemwita Nyundo, akamwambia, "Mzee, unatangazaje kitu hujakionja? Njoo Jumamosi." Jumamosi hiyo marehemu alimchukua mkewe wakaenda kwenye ghala la zamani nyuma ya karakana ya matairi, mahali palipoitwa Bati kwa sababu ya paa lake, ambako bendi zilipiga kuanzia saa tisa alasiri, na mvua ikinyesha mpigaji alinyamaza, watu wakasimama kungoja, kisha wimbo ukaendelea pale ulipokatikia.

Tangu siku hiyo marehemu akawa mtu wa bendi ambazo hakuna aliyezisikia, vijana wasio na kampuni wala meneja, waliotunga juma zima na kupiga Jumamosi, na kila bango jipya lililoletwa kaunta lilikuwa kwake mwaliko. Alisema wimbo wa redioni ni chakula ambacho wengine wameshakila, huu wa Bati bado una mvuke. Mkewe, ambaye hakuwa shabiki wa muziki, alikwenda naye hata hivyo, akikaa pembeni yake na kusahihisha madaftari ya wanafunzi, na mara kwa mara akiinua kichwa kusema, "Hawa wanapiga kama watu wanaohama nyumba," au, "Huyo wa gitaa apelekwe hospitali, ana upele," naye marehemu akacheka mpaka wanamuziki wenyewe wakataka kujua mwalimu kasemaje.

Aprili 2009 palitokea jambo ambalo lazima lisemwe, kwa kuwa yaliyofuata yote yalitoka hapo. Dada mmoja msusi, aliyekuwa akija na gitaa moja na nyimbo zake mwenyewe, aliimba wimbo mpya, mtu akaurekodi kwa simu, na kabla mwezi wa sita haujaisha wimbo huo ulikuwa redioni kwa sauti ya mtu mwingine, ukitangaza sabuni. Msusi aliingia tena Bati mara moja tu, akakaa, hakuimba, akarudi saluni kwake, na wanaosukwa naye wanasema hadi leo hata mluzi hapigi.

Katika kikao cha watu wa Bati kilichofuata ni marehemu aliyesimama na kusema, "Kinachopigwa humu kibaki humu," akapendekeza kila simu iachwe mlangoni kwenye kapu, mikono yote ikanyooshwa, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa mlangoni, akakaa yeye. Alilishika kapu hilo miaka kumi. Kijana akisema, "Mzee Karatasi, hii yangu ni ya tochi tu," alijibu, "Hata tochi ina masikio, weka," na watu wa Bati ni mashahidi kwamba haikuwahi kupotea simu, wala hakuna wimbo mwingine wa pale ulioibwa.

Mwaka 2013 daktari wa masikio alimweleza kwamba sehemu kubwa ya usikivu wake imekwisha na haitarudi. Hakuacha kwenda. Mkewe aliyafunga madaftari, akawa anamgeukia uso kwa uso na kumsimulia kila wimbo kwa midomo, ulivyoanza, nani kaingia, nani kakosea, na kwa miaka sita marehemu alisikiliza muziki wa vijana kupitia kinywa cha mtu ambaye hakuupenda.

Tarehe 31 Agosti 2019 Bati ilifungwa, mwenye ghala akaliuza, na sasa ni stoo ya vigae. Bendi hazikudumu baada ya hapo, mwanamuziki mmoja yuko benki, mwingine alikwenda nje ya nchi, mpiga besi wa Wapangaji anatengeneza majokofu.

Tarehe 17 Oktoba 2020 Nyundo alifariki katika ajali ya barabarani, akiwa na miaka thelathini na tano. Juma moja baada ya mazishi mama yake alifika nyumbani kwa marehemu, akakataa kiti, akasema, "Baba Karatasi, naambiwa wewe ulikuwepo kila wiki. Mimi sikwenda hata siku moja, nilimwambia ngoma si kazi. Nipe basi hata kipande nimsikie." Marehemu, aliyeyasoma maneno hayo midomoni, alimwambia atatafuta.

Alitafuta miezi mitatu. Binti yake alipiga simu kwa niaba yake, mwana akamwendesha nyumba kwa nyumba, na kote aliuliza jambo moja, nani alificha simu, nani alirekodi kwa siri, akaapa kwamba hatamlaumu mtu. Alimuuliza hata binti yake, "Sema kweli mwanangu, hukuwahi kuingia Bati na simu nyingine kwenye soksi?" Binti akasema, "Baba, wewe ndiye ulikuwa mlangoni, ningeanzaje?" Mpiga besi alimwambia, "Mzee, tulikuheshimu." Hapakuwa na mwizi hata mmoja. Mkewe anaeleza kwamba jioni waliyomaliza nyumba ya mwisho marehemu aliketi kitandani na viatu miguuni, akasema angetoa chochote apate mtu mmoja tu aliyemdanganya.

Februari 2021 aliwakusanya Wapangaji watatu waliobaki, chumbani kwa mpiga besi, mwanawe akatega maikrofoni, wakaazima mpiga ngoma, wakarekodi wimbo mmoja waliokuwa wakiupiga Bati, na marehemu, asiyesikia tena, akawa anawatazama nyuso ili ajue kama ni wimbo wenyewe. Mama wa Nyundo aliusikiliza hadi mwisho, akavua visikilizio, akasema, "Asanteni wanangu. Lakini huyu siye." Aliondoka bila kuuchukua. Baada ya hapo marehemu hakwenda kwenye onyesho lolote, ingawa binti alimletea habari za vijana wapya wanaopiga nyuma ya soko, na alipoulizwa sababu alisema, "Waache wapige. Mimi nimeshalinda vya kutosha."

Novemba 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu, na Februari mwaka huu alilazwa. Jumanne tarehe 12 Machi alimwomba mkewe amsimulie wimbo wa mwisho ambao Wapangaji waliupiga siku Bati ilipofungwa, mkewe akamweleza watu walivyosimama, Nyundo alivyovua shati, msusi alivyochungulia mlangoni asiingie, na alipofika kwenye wimbo wenyewe akasema, "Sikumbuki, baba watoto. Nimejaribu." Marehemu aliitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, na ameacha mke, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliojifunza kusema naye wakimtazama usoni, inawashukuru majirani waliofunga turubai kabla hawajaombwa, walimu wenzake na mjane, na wachapaji wenzake, ambao vitabu vya nyimbo mlivyoshika wamevichapa wao. Inamshukuru pia mama wa Nyundo, aliyefika jana na anakaa na mjane ndani.

Tangu Alhamisi jioni tulitangaza kwamba bendi yoyote iliyopata kupiga Bati inakaribishwa kupiga hapa leo, na kwamba mjane ameruhusu simu. Hadi jana saa kumi na mbili jioni, historia hii ilipokuwa inaandikwa, hakuna aliyejibu.

Lala kwa amani, Karatasi.