Nguo za Mtoto Zilibaki Mfukoni

Habari zenu, na wenzetu Waislamu, salaam aleikum. Mimi ni yule mama wa miraa. Jina langu mnalijua, liacheni likae.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli huu kwanza: sikuja hapa kwenye kikundi chetu kuacha pombe. Nililetwa na wivu.

Nilikuwa na mwenzangu, mama muuza makaa. Vibanda vyetu vilishikana ukuta. Mchana, miraa ikishauzwa na wateja kupungua, tulipitishiana chupa ya chang'aa nyuma ya magunia yake. Tulikunywa pamoja, tukaanguka pamoja, tukachekwa pamoja. Kuchekwa mkiwa wawili si kubaya sana.

Halafu akaacha. Siku moja nilimnyooshea chupa, akasema, "Leo nimeshiba." Kesho yake vilevile. Uso wake ukaanza kurudi, kidogo kidogo, kama majani baada ya mvua ya kwanza. Watu waliokuwa wakituita "wale walevi" wakaanza kumwamkia kwa heshima. Lile jina nikabaki nalo peke yangu.

Kila Jumamosi saa kumi alinawa miguu, akajipaka mafuta, akafunga leso safi.

"Unaenda kwa nani umeng'aa hivyo?" nikamuuliza.

"Naenda kukunywa chai."

"Chai gani hiyo inakuchekesha mpaka Jumatatu?"

"Si uje uionje? Miguu unayo."

Nilimtukana. Mengine siwezi kuyarudia mbele ya wazee.

Lakini kilichoniunguza zaidi ni msichana wangu. Alikuwa na miaka kumi. Alichoka kunikuta nimelala mlangoni, akaanza kula kwa mwenzangu, kisha akaanza kulala huko. Aliondoka na nguo zake kwa mfuko wa buluu, na mimi nilimwona akienda, nikashindwa kusimama. Siku moja nikiwa kibandani nikamsikia upande wa pili: "Mama, chumvi imeisha." Wapendwa, neno hilo lilipita mabati likaniingia kama msumari. Hakuwa akiniita mimi.

Basi Jumamosi moja nikamfuata mwenzangu. Nilidhani kuna mwanamume. Nikachungulia dirisha hili hapa: viti vya plastiki, birika kubwa, na yeye amesimama akiwaeleza habari zake. Msichana wangu ameketi karibu, anamtazama kama anatazama mlima. Alipomaliza mkampigia makofi. Nikaingia. Sikutaka kupona. Nilitaka yale makofi, na yale macho.

Mnajua desturi yetu: anayemaliza miezi mitatu bila kunywa ndiye huwamiminia wote chai, na kila kikombe kijae mpaka ukingoni. Mimi niliona ni heshima tu. Nikahudhuria, nikahesabu wiki zangu kwa mdomo, na kila nikitoka hapa nilipitia kwa mama pima, yule muuza chang'aa. Siku yangu ilipofika, nikafanya akili ya mlevi: tangu alfajiri sikuonja hata tone, ili nisinuke.

Mnacheka kwa sababu mnajua. Mlevi akikosa ile ya asubuhi, mikono hucheza ngoma yake yenyewe.

Nilishika birika, likagonga kikombe cha kwanza kama meno ya mtu mwenye homa. Cha pili kilikuwa cha mwenzangu. Chai ikamwagika mkononi mwake. Msichana wangu akaruka, "Mama, pole!" akaushika ule mkono, akaupuliza. Mkono wake, si wangu.

Nikalipuka. "Makofi umechukua, na mtoto umechukua! Ndiyo, jana nimekunywa! Na juzi! Sasa furahi!"

Hakupaza sauti. "Keti, dada. Mimi nilimwaga mara mbili kabla yako. Uliza hawa."

"Na mtoto?"

"Mtoto nimemlisha, sijamchukua. Nguo zake ziko kwa mfuko ule ule aliokuja nao. Tunafua, tunakunja, anarudisha mfukoni. Nilimwambia atumie kabati, akakataa. Alisema, 'Siku mama akiwa sawa, sitaki kuchelewa.'"

Nilimtazama msichana wangu. Aliinamisha kichwa, bado ameshika ule mkono uliochomeka.

Nikaketi. Miezi yote nilikuwa nimelinda wivu wangu kama mtu analinda ng'ombe, kumbe mtoto alikuwa amefungasha, ananingoja.

Jumatatu wawili wenu mlinipeleka kliniki, maana mwili ulikuwa unadai chang'aa kwa nguvu. Nilianguka mara moja baada ya hapo. Nikarudi, nikasema nimeanguka, na hesabu ikaanza upya. Hakuna aliyenicheka.

Asanteni nyinyi wawili. Asante mzee unayetufungulia ukumbi hata jua likiwa kali. Asante mwenzangu, ambaye alama ya chai yangu iko mkononi mwake mpaka leo.

Sitawadanganya tena: wivu haujaisha. Msichana alirudi nyumbani wiki mbili zilizopita, na nguo zake nimezitundika mimi mwenyewe. Lakini jioni bado anakimbia kule kwa mwenzangu kuonja mchuzi, na huwa inanichoma. Naiacha inichome. Haijawahi kuniua kama ile chupa ilivyotaka kuniua.

Kama kuna mtu hapa amekuja kwa sababu anamwonea mwenzake kijicho, karibu. Mfuate mpaka anakoenda. Ila ukifika, usidanganye.

Leo ni miezi mitatu, ya kweli. Asubuhi nimekunywa uji tu. Mwenzangu, lete kikombe chako kiwe cha kwanza. Na mkono wako usiuondoe.