Kuyeyuka Si Kutoweka

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule Ndugu Anselmi, Mkuu wa Shule, wazazi mlioteremka kutoka Vidunda, mliotoka Ruhembe na mliotoka kwenye maboma ya wafugaji, walimu wenzangu na wanafunzi wangu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa mimi, Mwalimu Agatha, nistaafu kwa maneno matamu. Utamu hapa Kidodi haujapungua, unapita kila siku kwenye malori ya miwa. Mimi leo nina uchungu, mtanisamehe.

Kila mwaka nilikoroga chumvi kwenye maji mbele ya kidato cha kwanza, nikauliza: imekwenda wapi? Darasa zima huitikia, "Imepotea!" Mwaka alioingia Nasieku, binti wa Mzee Sapit mfugaji, alinyoosha mkono peke yake akasema, "Haijapotea, Mwalimu. Onja." Kitu kikiyeyuka, ndugu zangu, hakijatoweka, macho tu ndiyo hayakioni.

Sasa niwaulize watu wazima. Zamani dawa ya wadudu ilitoka chama cha ushirika, na Bwana Shamba amesimama pale. Leo biashara huria, kila kitu ruksa, dawa inauzwa gulioni kwenye chupa za soda, hata jina haina. Mtu ananunua, anaimwaga mtoni, samaki wanaelea, anaokota, anauza. Ukimkemea anakujibu, "Maji yanatembea, Mwalimu, yameshaondoka nayo." Yameondoka nayo kwenda wapi? Huko chini hawaishi watu? Samaki wadogo wamekwisha, vyura wamekwisha, na hao ndio waliokuwa wakitumalizia mbu. Halafu mnashangaa homa imezidi! Na yule samaki mliyemkaanga, sumu aliyomeza yeye mmeimeza ninyi.

Mwezi uliopita ndama wa Mzee Sapit walikunywa maji hayo, wakafa. Wafugaji wakadhani wakulima wamewatilia sumu makusudi, wakashika fimbo. Nani aliwazuia? Nasieku. Alimwambia baba yake, "Baba, si wakulima. Ni ile chupa ya gulioni." Kisha akaenda gulioni mchana kweupe, akamwambia muuzaji usoni kwamba dawa yake imeua, na akawaambia akina mama wasinunue wale samaki. Kumbe muuzaji ndiye aliyetuchangia madawati! Bodi ikaketi, ikamsimamisha binti shule kwa utovu wa nidhamu, na mtihani wa taifa uko mlangoni.

Jamani! Tumfundishe mtoto, aelewe, akitumie alichoelewa, halafu tumfukuze? Basi tungewaambia mapema kwamba kemia ni ya kujibia mtihani tu, na ukiipeleka sokoni utaadhibiwa. Ndugu Anselmi, nakuheshimu, lakini nimekasirika na sitaficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nawashukuru kwa godoro mliloniandalia, na kwa miaka yote tuliyovumiliana. Kuanzia leo mimi ni mstaafu, kwa hiyo lile onyo la Bodi kwamba nisiliseme jambo hili halinifikii tena.

Nasieku, mwanangu, nakuona huko nyuma na baba yako. Inuka, pita hapa mbele ya meza kuu, ukae na wenzako wa kidato cha nne. Anayetaka kukuzuia asimame sasa hivi, alitaje kosa lako mbele ya wazazi hawa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sitakaa mpaka yeye akae.