Felicitas Karwirwa: Aliyekijaribu Kwanza Kitanda cha Yaya

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuwatafutia mayaya nyumba, na nyumba mayaya, Bi. Felicitas Karwirwa anastaafu tarehe 30 Septemba 2016. Kikundi chetu cha wanawake kitabaki na ofisi ileile juu ya bucha, hapa Majengo, Meru. Lakini maswali sasa atauliza nani?

Maana mama huyu anapenda kujua. Alizaliwa Muthara, akafundisha shule ya nasari kidogo, kisha akaja kwetu mwaka wa 1989 kuwa karani. Kazi aliyopewa ni kuandika majina tu. Haukupita muda akaanza kuyafuata majina yale hadi majumbani, na hakuna aliyemtuma. Waajiri walitaka kujua kama msichana ni mwaminifu na kama anajua kupika. Karwirwa alitaka kujua familia yenyewe ikoje. Yaya atakula nao mezani au atabakiziwa? Akiugua, atapelekwa hospitali na nani? Jumapili ni yake, au ni siku ya kufua mapazia? Kuuliza si ujinga, lakini wapo waliomwita CID, kama askari wa upelelezi, na yeye akalipenda jina hilo kuliko lake.

Tena alikuwa na desturi iliyotuchekesha sana. Akionyeshwa kitanda cha yaya, alivua viatu akalala juu yake, mchana kweupe, mwenye nyumba amesimama pale na sahani ya mandazi. Alitazama dari, akageuka ubavu, akanusa blanketi. Mara moja huko Embu alisinzia kabisa. Familia ile ilipata yaya siku hiyohiyo.

Safari tunayoisimulia zaidi ni ya Kibirichia, mwaka wa 1998. Mwalimu Celina na mumewe Mwiti, mkulima wa viazi, walihitaji yaya haraka kwa sababu likizo ya uzazi ilikuwa inaisha Jumatatu. Karwirwa alikwenda na Mukami, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Embu. Mukami alikuwa ametoroka nyumba ambamo mwajiri alimfungia ndani na mtoto kila alipokwenda kazini. Alikubali kujaribu tena kwa sharti moja: asifungiwe.

Chumba alichotengewa kilikuwa stoo iliyosafishwa vizuri, kitanda kipya, shuka zinanukia sabuni. Karwirwa alijilaza, akaridhika na godoro, kisha akautazama mlango. Komeo lilikuwa upande wa nje.

Akiwa bado amelala, aliomba lihamishwe. Mwiti alishangaa kwa moyo safi.

"Lakini Mama, hii ni stoo. Sasa ni nani hufunganga stoo na ndani?"

"Basi wekeni viazi," Karwirwa alijibu, akitafuta viatu vyake. "Huyu msichana tunarudi na yeye."

Tuseme ukweli, Mwiti hakuwa mtu mbaya. Ni vile hakuwahi kujiuliza. Mukami alikuwa ameshabeba mfuko wake. Celina, mtoto mgongoni na Jumatatu ikimkodolea macho, hakungoja mashauri. Alileta bisibisi akaanza kulegeza skrubu mwenyewe, mpaka mumewe akaona aibu akaja kumshikia mlango. Komeo likahamia ndani, na Mukami akauweka mfuko chini.

Jioni ile Celina alimsikia akilifunga. Akalifungua. Akalifunga tena, akafungua tena, mara nyingi. Celina alidhani limekwama, akaenda mlangoni kuuliza.

"Hapana, mwalimu," Mukami alijibu kutoka ndani. "Nasikia tu vile inafunguka."

Alikaa nao miaka saba.

Bi. Karwirwa, tulikucheka na viatu vyako mkononi, na leo tunaona uchungu kukuaga. Umezifundisha familia za Meru na Embu kwamba anayewalelea mtoto naye ni mtoto wa watu. Asante sana. Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha, na mlango wako ufunguke kwa mkono wako.