Mwenye Kofia Si Baba Yenu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba wangu acha kulia, sijafa bado, na nikifa nitakwambia. Nyumba ni yenu wote watatu, hati iko kabatini chini ya mashuka, na cherehani ni ya binti yangu, kwa sababu nyinyi kaka zake hata kifungo kinawashinda. Hayo yamekwisha. Lililonifanya niwaite ni hii picha ya ukumbi wa stesheni, kwa maana nimesikia kifungua mimba anataka kumpelekea mpiga picha amkuze yule bwana mwenye kofia aliyesimama chini ya saa, ili amtundike sebuleni ubavuni pangu. Mwanangu, yule simjui! Ni abiria tu, alikuwa anapita zake. Mlipokuwa wadogo mliuliza baba ni yupi, mkamchagua wenyewe kwa kuwa kofia imemfunika mpaka puani, na baba yenu akacheka, akasema mwacheni, kofia yake nimeipenda.

Sasa nipeni miwani, mtazame vizuri. Dirisha hili lenye nondo ndilo la tiketi, na mkono huu ni wangu, enzi hizo una nyama. Saa ya ukutani inasema saa nne na dakika kumi. Ilikuwa imekufa miaka mingi, na baba yenu, fundi saa, alikaa wiki tatu juu ya ngazi akiitengeneza, na kila akishuka anakuja dirishani kwangu kuomba maji ya kunywa, mtu ambaye bomba liko nyuma yake. Siku hiyo kazi imekwisha, anarudi kwao, treni ni saa nne na robo. Haya, angalieni chini ya benchi. Hizo soli mbili za viatu, na hayo makalio yaliyobinuka, ndiye yeye, anatafuta tiketi.

Hakuipata, wanangu, kwa sababu nilikuwa nimeikalia.

Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Aliiacha dirishani akijifuta jasho, nikaivuta, nikaikalia, na treni ikaondoka kwa dakika yake, maana saa alikwisha kuitengeneza mwenyewe. Akabaki wiki nzima kungoja nyingine, na wiki ile ilitosha. Kosa langu ni kwamba niliona haya kumwambia. Miaka arobaini tumemwita Bwana Kapoteza, mimi ndiye kinara. Ufunguo ukikosekana ni yeye, sahani ikikosekana ni yeye, naye anajipapasa mifuko kwa unyonge. Hata siku zake za mwisho aliniambia, "Mke wangu, ile tiketi sijui niliiweka wapi." Nikamfunika miguu, nikamwambia alale. Hilo linaniuma kuliko ugonjwa huu.

Basi nawausia, jina lile likome leo, na wajukuu waambiwe babu yao hakupoteza kitu, aliibiwa na bibi yao. Nipeni maji kidogo... Ahsante. Mpiga picha amwache mwenye kofia, akuze hapo chini ya benchi. Akisema hapana sura, ni makalio tu, mwambieni ndiyo hayo hayo, tunayajua. Mungu awape nyumba yenye vicheko, msinuniane, mtembeleane... Sauti inaniishia, nishikeni mkono. Nikifika kwa baba yenu, hata salamu sitatoa kwanza. Nitamwambia ilikuwa wapi.