Ngumi Moja ya Orest Haluschak

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Anayeondoa theluji barabarani, asimamishe trekta kidogo. Leo tunamkumbuka Orest Haluschak, mshambuliaji wa kushoto wa hoki ya barafu, mtoto wa nyika hizi za Saskatchewan. Orest amefariki akiwa na miaka sabini na minne. Moyo ulisimama akiwa anawafundisha watoto kuteleza kwenye barafu, katika uwanja mdogo wa kijijini kwao. Tumemzika Jumanne. Baridi ilikuwa kali hata padri alifupisha sala.

Orest alishinda tuzo ya uungwana mara tatu. Nasema tena, mara tatu. Tuzo ile hupewa mchezaji wa hoki mwenye ustadi mkubwa na mikono safi, asiyepigana, asiyekaa kwenye kizimba cha adhabu. Na katika maisha yake yote ya uchezaji alipiga ngumi moja tu. Leo nitawasimulia habari ya tuzo zile na ya ngumi ile, maana mjini huku wengi wanaikumbuka ngumi tu.

Mkewe, Verna, ameniomba nisilitaje jina la klabu aliyoichezea. Basi nitaiita klabu.

Orest alijifunzia hoki kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe lililoganda, nyuma ya nyumba ya baba yake, mzee Petro. Golini alikaa dada yake mkubwa, Olha, amevaa buti za manyoya na mto wa kitandani kifuani, akizuia kile kisahani cha mpira kinachopigwa kwa magongo. Olha yuko hai, ana miaka themanini, na ulimi wake haujazeeka. Aliniambia hivi:

"Alikuwa ananigonga, naanguka, halafu anakiacha kisahani kinajiendea, anakuja kuninyanyua! Nikamwambia, wewe mjinga, funga goli kwanza, utaniokota baadaye! Akasema, dada, goli halilii."

Ndivyo alivyokuwa, wasikilizaji. Hakujifunza uungwana kwa mtu. Alizaliwa nao, kama wengine wanavyozaliwa na masikio makubwa.

Klabu ilimchukua akiwa kijana wa miaka ishirini. Alikuwa mwepesi, na pasi zake zilipita katikati ya miguu ya mabeki kama panya ghalani. Msimu wa tatu akapata tuzo ya uungwana. Asubuhi iliyofuata, kocha wao, Tolland, akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akapiga makofi mara moja, akasema:

"Haya, simameni! Bibi harusi amefika."

Ndani ya kabati la Orest wenzake walikuwa wamemtundikia aproni ya maua. Orest akaivaa. Akaenda nayo mazoezini, akafunga magoli manne, akarudi, akauliza, "Nani anataka maandazi?" Wakacheka. Naye akacheka.

Lakini nyumbani hakucheka. Verna anasema: "Aliikunja ile aproni vizuri, akaiweka mezani, akaiangalia tu. Nikamwambia, itupe. Akasema, nikiitupa wataleta nyingine."

Tuzo ya pili ikaja. Ya tatu ikaja. Na kadiri tuzo zilivyoongezeka ndivyo heshima ilivyopungua. Magazeti yakamwita mlaini. Mashabiki wa ugenini wakamwita dada. Wa nyumbani nao wakadakia. Wasikilizaji wapendwa, mwaka wa tuzo ya tatu Orest alicheza mechi zote za mtoano na mguu uliovunjika. Daktari alimpiga sindano ya ganzi kabla ya kila mechi, na Verna alimvua kiatu kwa kukikata kwa kisu cha jikoni. Mguu uliovunjika hauonekani kwenye runinga. Nani angeusimulia? Yeye mwenyewe hakuusema.

Hata mzee Petro alichoka. Walipokuwa wakinywa kahawa kwenye ghala la ushirika, wanaume wenzake walimchokoza. "Petro, binti yako wa pili amefunga jana?" Mzee akawa haendi tena.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi Machi. Timu ilikuwa imepoteza mechi mfululizo. Verna alikuwa na ujauzito wa Larissa, mtoto wao wa pekee. Kabla ya mchezo Tolland alimvuta Orest pembeni. Verna ananipa maneno yale kama alivyoyapata kwa mumewe:

"Leo nataka nione damu kwenye glavu zako. Zikirudi safi, kesho uko kwenye basi la ligi ya chini. Mwambie na mkeo afungashe."

Kipindi cha pili, beki wa timu pinzani alimsukuma Orest ukingoni. Beki huyo aliitwa Rosaire Pelchat, kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Abitibi, kule Quebec. Msukumo wa kawaida, wasikilizaji. Refa hata hakupuliza kipenga. Pelchat akageuka kufuata kisahani. Orest akavua glavu, akamshika begani, akamgeuza, akampiga. Ngumi moja. Pelchat hakuiona ikija.

Uwanja mzima ukasimama. Miaka yote ile, magoli yote yale, hawakuwahi kumsimamia hivyo. Watu walitupa kofia. Tolland alimbusu kwenye paji la uso. Na pale kwenye barafu Rosaire Pelchat alikuwa amepiga magoti, ameshika jicho la kushoto.

Jicho lile halikuona tena. Pelchat hakucheza tena.

Jioni ile simu ililia nyumbani. Alikuwa mzee Petro, analia kwa furaha. "Mwanangu! Leo umekuwa mwanaume!" Verna alikuwa amesimama karibu. Anasema Orest alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Usiku mwema, baba," akakata.

Wiki nzima watu walimnunulia bia. Kinyozi alikataa hela yake. Yeye akapanda ndege kwenda hospitalini kwa Pelchat. Mama wa kijana alisimama mlangoni, akamwangalia mikono, akafunga mlango.

Orest alicheza misimu miwili zaidi, vibaya, akaacha. Kiangazi cha kwanza baada ya kuacha alikwenda Abitibi, shambani kwa Pelchat. Rosaire alimkuta uani.

"Umekuja kuangalia jicho au kuomba msamaha?"

"Vyote viwili."

"Jicho hili hapa. Msamaha hakuna."

"Basi nipe kazi."

Akampa uma mkubwa wa kukusanyia nyasi. Orest akakaa mpaka nyasi zikaisha. Kiangazi kilichofuata akarudi. Na kilichofuata. Alirudi kila mwaka mpaka wote wawili wakawa wazee wenye magoti mabovu. Nilimpigia Rosaire simu juzi. Nikamuuliza, je, mwishowe ulimsamehe? Akasema:

"Hapana, bwana. Sikumsamehe. Lakini sahani yake nilikuwa naiweka mezani hata kabla hajafika."

Wasikilizaji wapendwa, ningependa niishie hapo. Siwezi.

Alhamisi, siku mbili baada ya mazishi, klabu iliialika familia kwa heshima za mwisho kabla ya mechi. Verna na Olha walitandikiwa zulia jekundu juu ya barafu. Walipewa maua. Verna alikuwa ameomba jambo moja tu, waonyeshe pasi zake. Taa zikazimwa. Skrini kubwa ikawaka. Ikaonyeshwa pasi moja tu, kwa haraka. Tuzo hazikuonyeshwa. Kisha ikaja ngumi. Ikarudiwa polepole. Ikarudiwa tena, na muziki. Mtangazaji wa uwanja akanguruma, "Orest Haluschak! Mwanaume wa kweli!"

Uwanja mzima ukasimama.

Olha alipiga kelele, "Zimeni! Zimeni hiyo!" Nani angemsikia? Kijana wa klabu aliyeshika kipaza sauti akamwinamia Verna, akasema kwa upole, "Mama, hii ndiyo picha watu wanaipenda zaidi."

Verna akamjibu, "Basi mmemzika mtu mwingine."

Akayalaza maua juu ya barafu, akamshika wifi yake mkono, wakatoka, wakitembea polepole wasiteleze. Na watu walipomwona mjane anaondoka ameinamisha kichwa, walidhani amezidiwa na mapenzi waliyomwonyesha marehemu. Wakapiga makofi kwa nguvu zaidi.

Pole, Verna. Pole, Olha. Pole, Larissa, uliyezaliwa miezi mitatu baada ya siku ile. Na wewe Rosaire Pelchat, huko Abitibi, tunakupa pole kama mfiwa, kwa maana ni mfiwa. Mungu amlaze Orest mahali pema.

Nanyi wasikilizaji, kesho ni Jumamosi. Wengi wenu mtawapeleka watoto uwanjani, mtasimama nyuma ya kioo na kahawa mkononi. Mtoto ataanguka. Mwingine ataacha kisahani, amnyanyue. Mtamwambia nini yule aliyeacha kisahani?