Juisi ya Nyanya Yenye Jin

Fundi cherehani alikuwa ameazimia kusinzia ndani ya basi mpaka kituo cha mwisho, lakini kiti cha mbele yake kilikuwa na maneno. Jamaa mwenye shati jeupe alipakata chupa ya chai kama mtoto mchanga. Alikuwa anakwenda hotelini kujaribiwa kazi ya baa, akamweleza mama aliyekaa naye, mpishi mstaafu wa shule, kwamba ndani ya chupa mna kinywaji chake cha majaribio: juisi ya nyanya, pombe kali ya jin, ndimu, chumvi na pilipili manga.

"Mwanangu, huo ni mchuzi," mama akasema.

"Onja kwanza, mama."

Akaonja kwa kifuniko. "Nyanya umezichemsha?"

"Nimezisaga mbichi, nikazichuja."

"Ndiyo maana. Hebu tena, nisije nikakusingizia." Akameza, akatazama juu kama anayekumbuka jina la mtu. "Ndimu imezidi."

"Ndimu ndiyo inayoibeba, mama."

"Basi chumvi imepungua. Tia kidogo nihakikishe."

Fundi, anayewajua vizuri wateja wa kujaribu nguo mpaka ichakae, alikuwa amefikia kuhesabu kifuniko cha sita, na mama bado hajatoa hukumu.

Basi likasimama mbele ya hoteli. Jamaa akaitikisa chupa yake, nayo haikujibu kitu.

"Mama, si ulisema ni mchuzi?"

"Ni mchuzi," akasema mama, akigeuka kumshika fundi bega ili apate kusimama. "Ulikosa wali tu."