Kamba Nne Kwangu, Kamba Nne kwa Kaka

Shikamooni wakubwa zangu. Wanakikundi wenzangu, mmeniomba nisimulie nilivyoinuka. Nitasimulia, ila msitegemee nicheke.

Mama alipofariki, mjomba alitugawia shamba la Makote mimi na kaka yangu kama wengi wanavyogawa huku: kwa kuzungusha kamba ya mita mia. Kipande changu kamba nne kukizunguka, cha kaka kamba nne. "Mmelingana," akasema. Ndugu zangu, mimi nikamshukuru.

Changu ni chembamba, kimelala kando ya njia. Cha kaka ni mraba. Misimu mitano nikapalilia, nikapulizia mikorosho dawa, na bado korosho zangu hazikufika hata nusu ya zake. Nikaitwa mvivu. Mjomba akasema nikishindwa tena, shamba lote apewe kaka. Na mimi, nawaambia, niliamini kwamba ni mvivu.

Halafu bwana shamba akaja kuandikisha wakulima. Kwangu akaandika mita za mraba 3,600, kwa kaka 10,000. Nikasema huyu kakosea, maana kamba ni zilezile. Nilikuwa nimeanza darasa la watu wazima Newala, kurudia hesabu nilizofeli, nikampelekea mwalimu kile kikaratasi.

Mwalimu akasema tutafute upana wa shamba langu. Mzunguko 400, basi urefu na upana jumla yake 200. Upana tukauita x, urefu 200 − x. Tukazidisha, tukasawazisha na zile 3,600 za bwana shamba, tukapanga: x² − 200x + 3,600 = 0. Namba gani mbili zinajumlika kuwa 200, zikizidishwa zinatoa 3,600? Nikazipata mwenyewe: 20 na 180.

Kesho yake nikapima upana wa shamba langu. Mita ishirini. Nilikaa chini palepale nikalia kwa hasira.

Mjomba hakutaka kusikia habari za x. "Vitabu havilimi," akasema. Basi wanawake wa kikundi hiki tukachomeka vijiti kila mita kumi, tukamwita ahesabu mwenyewe vyumba vya mraba vilivyo kati ya vijiti. Kwa kaka mia moja. Kwangu thelathini na sita. Alihesabu mara mbili, kisha akasogeza mpaka hadi tukalingana kweli. Samahani hakusema, mpaka leo.

Namshukuru mwalimu, nawashukuru ninyi mliochomeka vijiti juani. Mtu akikuzungushia kamba, usimshukuru kwanza. Muulize upana. Na binti yako akisema hesabu za x hazina kazi, mlete kwangu, nimtembeze ile misimu mitano.